Tope la katikati ya Ziwa Victoria halikuletwa na mito. Nani anabisha?

#1 Mchimba_Visima (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nilichekwa kijiweni hapa Mwanza, nimeona ubishi nihamishie huku. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, Mto Mirongo umefura, maji rangi ya chai ya maziwa yanaingia ziwani. Jamaa mmoja akasema ndiyo maana ziwa lote chini ni udongo wa mashamba yetu, kuanzia hapa hadi Jinja. Kijiwe kizima kikaitikia. Nikasema udongo wa mashamba mwingi hauendi mbali, unaishia mlangoni, na lile tope la katikati ziwa linalitengeneza lenyewe. Wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga kikombe.

Mimi kazi yangu ni kuchimba visima. Jiolojia niliisoma kidogo chuoni, nyingine nimeisoma shimoni. Kwa hiyo kabla ya kuwapeleka ziwani, nipitie kwanza kwenye lambo.

Mwaka 2023, mwezi wa tisa, tulikuwa Kishapu tunatafuta maji. Karibu na kambi palikuwa na lambo lililochimbwa mwaka 2012, limekauka kabisa, ng'ombe wanakatiza katikati. Jioni sina kazi, nikachukua jembe na sururu nikachimba mashimo matatu: moja pale korongo linapoingilia, la pili katikati, la tatu chini ya tuta.

Shimo la kwanza, mchanga mtupu. Mweupe, unakwaruza, na kokoto ndogo ndani yake. Ukisimama pembeni unaona umejengeka kama ulimi uliolala kuelekea lambo, tabaka zake zimeinama. Shimo la pili, mchanga mwembamba umechanganyika na vumbi laini. La tatu ndilo lililonifanya nisahau chakula. Pale chini ya tuta udongo ulikuwa umepasuka vipande kama vigae, nikang'oa kimoja, nikakikata kwa kisu. Ndani kilikuwa laini kama sabuni ya mche. Na kilikuwa na mistari. Mstari mwembamba wa rangi ya majivu, ukiugusa kwa ulimi unasikia punje. Juu yake udongo mweusi usio na punje kabisa. Halafu mstari wa majivu tena. Tabaka mojawapo lilikuwa limebonyezwa na kwato, na shimo la kwato limejazwa mchanga wa tabaka la juu yake.

Nilihesabu tabaka 14. Lambo lilikuwa limepita misimu 11 ya mvua. Kumbe tabaka si mwaka, tabaka ni furiko. Kuna miaka korongo lilishuka mara mbili. Na kuanzia tabaka la tano kutoka juu kwenda chini nikaanza kukuta vipande vya mifuko ya rambo, ile ya bluu. Juu ya hapo hakuna hata kimoja. Mnakumbuka mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Si ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini tope lilikuwa limejiandikia tarehe.

Siri yote ya mashapo iko kwenye mashimo yale matatu. Maji yanabeba mzigo kwa nguvu ya mwendo. Yakiingia mahali palipotulia nguvu inaisha, yanatua mzigo, na kizito ndicho kinachotangulia. Punje ya mchanga ya unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ikiachiwa juu ya maji yaliyotulia yenye kina cha mita 40, inafika chini kwa saa moja na kidogo. Punje nyembamba mara kumi zaidi inachukua siku nne na nusu hivi. Ile ya udongo mfinyanzi, ya milimita moja igawanywe mara elfu, ingehitaji zaidi ya mwaka. Ukipunguza unene mara kumi, mwendo unapungua mara mia.

Sasa Ziwa Victoria. Liko juu ya uwanda, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, lakini kina cha wastani ni mita 40 tu, na pale penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na ushee. Ni sinia, si chungu. Tanganyika ni chungu: ardhi ilipasuka, maji yakaingia kwenye ufa. Victoria lilizaliwa kwa namna nyingine. Upande wa magharibi ardhi ilinyanyuka, na mito kama Kagera na Katonga iliyokuwa ikielekea huko ikakuta njia imeinuka, ikageuka. Maji yakatanda kwenye uwanda kama uji uliomwagika mezani. Wengi hukadiria ilikuwa kama miaka 400,000 iliyopita.

Ukichukua bomba ukalizamisha katikati ya ziwa, linatoka na tope la kijani iliyofifia, laini, na karibu lote ni maji. Ukiweka kidogo kwenye hadubini, huoni shamba la mtu hapo. Unaona maganda ya diatomu. Hao ni mwani wadogo mno wanaojijengea ganda la kioo kutokana na silika iliyoyeyuka majini. Wakifa wanazama, na maganda yao pamoja na mabaki ya mwani wengine ndiyo yaliyojenga sakafu ile.

Naomba kuwasilisha. Picha za lambo nitaweka nikipata simu yangu ya zamani.

#2 Nyegezi_Kona

Naweka kambi hapa. Nimekaa paleee na mihogo yangu.

#3 Ng'wana_Kishapu

Mkuu, rambo ndani ya lambo! Sisi Wasukuma hapo hatujui umesema kipi.

Ila umenikumbusha bibi. Kwetu shamba lilikuwa linapangwa kwa kuangalia mteremko. Juu karibu na mawe ni luseni, mchanga, unapanda karanga na mihogo. Ukishuka unakuta itogolo, udongo wa katikati ya mteremko. Chini kabisa mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, unapanda mpunga. Nikisoma hapa naona ni mashimo yako matatu, ila yametandazwa kilima kizima.

#4 Mchimba_Visima

Ng'wana_Kishapu, umenena. Na mpangilio huo una jina duniani. Miaka ya 1930 kulikuwa na mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, kituo chake Amani kule Tanga. Alizunguka nchi hii, akaona udongo unafuatana kutoka juu hadi bondeni kwa utaratibu uleule, akauita katena, yaani mnyororo. Leo neno hilo linafundishwa vyuo vya kila bara, na limetoka kwenye vilima kama vya bibi yako.

Na linahusu mada. Mchanga wa luseni unachelewa kuondoka, unabaki juu. Udongo mfinyanzi unashuka mbugani na kukaa huko miaka na miaka. Kinachofika mtoni ni kile kilichoponyoka mbugani.

#5 Kanyigo_Original

Mimi nabisha. Mnasema udongo haufiki katikati, sisi wa Bukoba na Misenyi tunauona Kagera kwa macho. Huo mto unakusanya maji kutoka Burundi, Rwanda, Uganda na huku kwetu, nchi za milima inayolimwa hadi kileleni. Ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Masika unaingia mwekundu na unaonekana mbali ukiwa kwenye mashua. Huo udongo unaenda wapi, unayeyuka?

#6 Mchimba_Visima

Mkuu Kanyigo, hoja yako ni nzito, tena hiyo ndiyo iliyonichelewesha kulala.

Kwanza, kabla ya kufika ziwani, Kagera unapita kwenye mabwawa na vinamasi vingi kule Rwanda na Karagwe. Mafunjo ni chujio. Maji yakiingia kwenye mashina yale mwendo unakufa, tope linashika mizizi. Mto Mara ni hivyo hivyo, unapita kinamasi kikubwa kabla ya kufika ziwani.

Pili, ule wekundu unaouona juu ya maji ni udongo mwembamba kuliko wote, na hata tone dogo la udongo huo linachafua ndoo nzima. Rangi inatisha, uzito mdogo. Mzigo wenyewe, mchanga na tope zito, umeshatua karibu na mlango.

Tatu, upepo na mikondo. Mto ukimaliza kusukuma, maji ya ziwa ndiyo yanayoamua. Mashapo mengi yanasukumwa kuufuata ufuko, yanajenga matuta ya mchanga na kuziba ghuba. Angalia ramani ya pwani ya kwenu magharibi ilivyonyooka kama imepigwa rula, kisha angalia huku Mwanza na Kisiwa cha Ukerewe palivyokatika vipande vipande. Sisemi ni mchanga peke yake uliofanya hivyo, mwamba nao una neno lake, lakini mchanga umesaidia kunyoosha.

Nne, nakubali: kiasi fulani kinafika katikati. Sikusema hakuna. Nimesema si hicho kilichojenga sakafu. Udongo mfinyanzi haushuki punje moja moja kama nilivyopiga hesabu kule juu. Unagandamana, au unamezwa na wadudu wadogo wa majini na kutolewa kama kinyesi kizito, unazama upesi. Kwa hiyo hausafiri mwaka mzima.

#7 Kanyigo_Original

Kinyesi tena? Haya, nimepunguza kubisha hadi nusu.

#8 Jaduong_wa_Dunga

Salamu kutoka Kisumu. Mchimba, hapa kwetu usije ukaleta hiyo hadithi ya diatomu, utapigwa na kasia. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, mahali pengi mita chache tu, na mdomo wake ni mwembamba. Nyando unashuka na tope la kahawia kutoka milimani kila mvua. Nenda Katuk Odeyo uone makorongo yaliyokula mashamba na boma za watu, mengine unaweza kuficha nyumba ndani. Huo mchanga wote ulikuja wapi kama si kwetu? Wazee hapa wanakuonyesha mahali walipokuwa wanafunga mashua na leo ni matete na ng'ombe.

Halafu kulikuwa na lile tuta la Mbita, la kuunganisha kisiwa cha Rusinga na bara, la miaka ya themanini. Lilifunga mlango mdogo wa maji na wavuvi walilalamika hadi lilipokuja kuwekwa daraja.

#9 Mchimba_Visima

Jaduong, hapo huna mpinzani. Winam ni lambo. Kubwa, lakini ni lambo. Mto unaingia upande mmoja, mlango wa kutokea ni mdogo, maji yametulia, basi tope la mashambani linabaki palepale. Hata ghuba yetu ya Mwanza, na Ghuba ya Speke ambako Simiyu unaingia, zina tabia hiyo. Jamaa wa kijiweni angesema "ghuba zinajaa udongo wa mashamba" ningemnunulia kahawa.

Tena uwanda wa Kano, mnakolima mpunga, ni mashapo ya namna hiyo hiyo ya mto na ziwa. Mnalima juu ya sakafu ya ghuba ya zamani.

#10 Mwl_Jiografia

Uzi safi. Nina maswali mawili, wanafunzi wangu huniuliza na mimi huzungukazunguka.

1. Umri wa tope mnaujuaje? Miaka elfu kumi na ngapi, nani alihesabu?
2. Rusinga wamepata mabaki ya viumbe vya mamilioni ya miaka. Wewe unasema ziwa lina miaka 400,000. Inakuwaje?

#11 Mchimba_Visima

Mwalimu, naanza na la pili, ni jepesi. Lile fuvu maarufu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya nyani, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948 lina umri wa karibu miaka milioni 18. Tabaka zile ni za enzi ya volkano ya Kisingiri, kabla ziwa hili halijafikiriwa. Kisiwa kimekaa ndani ya ziwa, lakini mawe yake hayakuzaliwa na ziwa. Ni kama mtu kukuta jiwe la kusagia la bibi ndani ya nyumba ya bati ya mjukuu.

La kwanza lina njia kadhaa, kila moja na umbali wake.

Tope la juu kabisa, la miaka mia moja hivi, hupimwa kwa risasi 210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi (si ya bunduki) inayodondoka kutoka hewani na kupungua nusu kila baada ya miaka 22. Kuna pia siziamu 137 iliyosambazwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kilele chake ni mwaka 1963. Ukiipata kwenye tope, hiyo ndiyo rambo yako ya bluu.

Kwa maelfu ya miaka hutumika kaboni 14 kutoka kwenye mabaki ya mimea. Ukienda mbali zaidi unatafuta majivu ya volkano. Olduvai ndiyo mfano ambao kila Mtanzania angepaswa kuujua kwa undani, si fuvu peke yake. Pale palikuwa na ziwa dogo la magadi lisilo na njia ya kutokea, linapanuka na kusinyaa. Udongo mfinyanzi uliganda ziwani, na kila volkano ya jirani ilipolipuka, majivu yalitandaza shuka juu ya kila kitu. Mwaka 1961 majivu ya tabaka la chini yalipimwa kwa njia ya potasiamu na argoni, yakatoa miaka milioni 1.75. Dunia ilishtuka, maana watu walidhani binadamu ni wa juzi.

Sasa la Victoria lenyewe, na hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1995 watafiti walizamisha mabomba sehemu yenye kina kirefu. Walipita mita kadhaa za tope laini la diatomu, halafu bomba likagonga kitu kigumu. Walipokitoa, kilikuwa udongo wa nchi kavu. Una nyufa kama mbuga ya kiangazi, na vijizizi vya nyasi ndani yake. Katikati ya ziwa! Chini ya maji ambayo leo meli inapita!

Maana yake ziwa lilikauka. Halikupungua tu, lilikauka, kwenye kipindi cha takriban miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita, mvua ilipokatika. Likaota nyasi. Kisha mvua zikarudi, likajaa, likafurika tena kuelekea Nile. Tope lote laini tunalobishania hapa limetua baada ya hapo. Chini yake kuna mashapo ya zamani zaidi, mawimbi ya sauti yanaonyesha jumla kama mita 60, na ndani yake kuna dalili kwamba kukauka huko hakukuwa mara ya kwanza.

#12 Nyegezi_Kona

Ngoja. Furu wote wale, wale samaki wadogo wa ziwa hili wa kila aina, na ziwa lilikauka?

#13 Mchimba_Visima

Aina kama 500 za furu, ndiyo. Wataalamu bado wanavutana kama zote zilichipuka ndani ya muda huo au nyingine zilijificha kwenye mito na maziwa ya jirani. Huo ni uzi mwingine, aanzishe mwenye samaki.

#14 Mzee_wa_Mwalo

Vijana, mimi nimevua miaka mingi kabla magoti hayajagoma. Sijasoma hayo ya argoni. Lakini nawaambia hivi: mvuvi wa zamani alikuwa anajua alipo usiku kwa kuangalia kilichonata kwenye nanga. Nanga ikitoka na mchanga safi, uko karibu na kisiwa, upande unaopigwa na upepo. Ikitoka na makombe yaliyovunjika, uko kwenye mgongo wa mwamba. Ikitoka na tope jeusi linalonuka mayai viza, uko ghubani. Na mbali kabisa nanga inatoka na kitu kama uji wa mtoto, kijani, hakina harufu ya shamba. Kinateleza kabla hujakishika vizuri.

Hilo la uji nililijua, ila sikujua ni maganda ya wadudu.

Swali langu: kwa nini upande mmoja wa kisiwa ni mchanga na upande wa pili ni tope, na ni kisiwa kimoja?

#15 Mchimba_Visima

Shikamoo mzee wangu. Hilo la nanga ningelijua mapema nisingechekwa kijiweni.

Jibu ni wimbi. Wimbi halitikisi juu tu, linatikisa hadi kina cha karibu nusu ya umbali kati ya mgongo mmoja wa wimbi na unaofuata. Upepo ukivuma kutoka mbali juu ya maji mapana, mawimbi yanakuwa marefu, yanagusa chini, yanainua tope jepesi na kuacha mchanga. Lile tope linaelea, linasukumwa, linatua tena, linainuliwa tena, hadi lifike mahali ambapo wimbi halifiki: nyuma ya kisiwa, au kwenye kina kirefu. Ndiyo maana tope limerundikana katikati na mashariki kidogo, penye kina, wakati sehemu nyingi za kandokando zina tope kidogo au hazina kabisa. Ziwa linafagia pembeni na kulundika kati.

Harufu ya mayai viza: majani na mwani wakioza pasipo hewa, wadudu wa huko chini wanatoa gesi hiyo, na chuma kinageuza tope kuwa jeusi. Tope likiwa na hewa, chuma hicho hicho kinakuwa cha kahawia.

Na mzee, nikuulize wewe. Mwezi wa sita hadi wa nane, upepo wa kusi ukivuma, maji hubadilika rangi?

#16 Mzee_wa_Mwalo

Marahaba. Hubadilika. Yanachafuka kutoka chini na samaki wengine wanapanda juu. Maji yanakuwa ya baridi.

#17 Mchimba_Visima

Ndicho nilichotaka wasikie. Miezi mingine maji ya juu yana joto, ya chini baridi, hayachanganyiki. Kusi ikivuma yanapinduka, silika na virutubisho vinapanda juu, na diatomu wanapata karamu. Hasa wale wanaoitwa Aulacoseira, wana ganda zito, bila upepo wa kuwainua wanazama. Kwa maelfu ya miaka hao ndio waliokuwa wanajenga sakafu.

Siku hizi wamepungua sana. Mashapo ya karne iliyopita yanaonyesha: mbolea na udongo vikiongezeka kutoka nchi kavu, mwani ukaongezeka, diatomu wakala silika hadi ikapungua majini, wale wazito wakatoweka karibu kabisa, wakaja wembamba wa jamii ya Nitzschia na mwani wa kijani-bluu. Kwa hiyo jamaa wa kijiweni ana ukweli wake kwa mlango wa nyuma. Shamba lake halikufika katikati kama udongo. Limefika kama mbolea, na limebadilisha anayejenga sakafu.

Naona nimempa nusu ya ushindi. Msimwambie.

#18 Bahi_Road

Mmejikita Kanda ya Ziwa tu. Huku Dodoma tuna Bahi. Masika ni ziwa, kiangazi ni vumbi na nyufa, hakuna mto unaotoka. Nayo inafuata kanuni hizo hizo?

#19 Mchimba_Visima

Inafuata hadi nusu ya njia. Mchanga pembeni, udongo mfinyanzi katikati, sawa. Tofauti ni mlango. Victoria ina Nile kule Jinja, chumvi inatoka na maji. Ziwa lisilo na mlango linatoa maji kwa njia moja tu, jua, na jua halibebi chumvi. Kwa hiyo kila mwaka kilichoyeyuka kinabaki: kwanza chokaa inaganda, kisha magadi na chumvi za namna nyingine, kutegemea miamba ya jirani. Natron na Magadi ya Kenya ni mwisho wa safari hiyo, magadi yameganda hadi mtu anatembea juu. Balangida kule Hanang watu wanakwangua chumvi. Ukichimba sehemu kama hizo unakuta kurasa mbili mbili: udongo wa masika, ukoko wa chumvi wa kiangazi. Na kwa sisi wachimba visima ni balaa, unapata maji mengi, mwenye kisima anaonja anatema.

#20 Mpenda_Hesabu

Nimepiga hesabu. Umesema mita kadhaa tangu ziwa lijae. Tuseme mita 8 pale penye unene mkubwa, kwa miaka 15,000. Ni nusu milimita kwa mwaka. Kina cha wastani mita 40. Ziwa litajaa tope baada ya miaka 80,000. Tulale usingizi.

#21 Mchimba_Visima

Hesabu ni sahihi, kulala usilale. Hapo umetumia unene wa pale palipolundikana zaidi, na tope lenyewe linazidi kushindiliwa na uzito wa juu yake. Kwa hiyo kwa tope peke yake lingechukua muda mrefu zaidi ya huo. Ghuba ni hesabu nyingine, Jaduong ameshasema.

Lakini ziwa hili haliuliwi na tope. Takriban asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na jua linachukua karibu kiasi hicho hicho. Mito na Nile ni chenji ya mfukoni. Mvua ikisinzia, sinia linakauka haraka, na limeshafanya hivyo. Ikizidi, linapanda: kati ya 1961 na 1964 lilipanda karibu mita mbili na nusu, na 2020 wengi hapa tuliona maji yakiingia mahotelini na kwenye mialo. Kwenye mashapo ya ufukweni 2020 itaonekana kama mstari wa tope juu ya mchanga wa kuogea watu. Zamani za kale lilisimama juu zaidi, kuna fukwe za mawe ya mviringo mita 3, 12 na 18 juu ya maji ya leo. Ukikuta kokoto laini za ziwa juu ya kiwanja chako, usidhani muuzaji alizileta na lori.

#22 Mfugaji_Meatu

Mimi nimefuatilia kimya. Tuna lambo, lilikuwa la kina, leo ng'ombe anavuka maji yakiwa magotini. Tumeambiwa tuchangie kulifukua lote. Ushauri?

#23 Mchimba_Visima

Kaka, msifukue lote kabla ya kuchimba mashimo matatu kama yangu. Pale korongo linapoingilia patakuwa na mchanga, huo uzeni au jengeeni, kila tripu inayotoka ni nafasi ya maji. Katikati punguzeni. Ila ule udongo mweusi wa chini kabisa msiukwangue wote, huo ndio unaozuia maji yasinyonywe na ardhi. Nimeona lambo lililofukuliwa kwa bidii hadi kwenye mchanga wa asili, likajaa masika na kuisha kabla ya Krismasi. Na juu ya korongo, mita kama hamsini kabla ya lambo, wekeni kizuizi cha mawe na majani, mchanga uishie hapo. Mtakuwa mnafukua kashimo kadogo kila mwaka badala ya lambo zima.

#24 Ng'wana_Kishapu

Nimefanya jaribio la nyumbani. Chupa ya lita moja na nusu, robo udongo, maji hadi shingoni, nikatikisa dakika mbili nikaiweka dirishani. Mchanga ulikaa chini kabla sijatoa mkono. Baada ya nusu saa tabaka la pili limeonekana wazi. Leo siku ya tatu na maji bado ni chai ya maziwa. Mke wangu anauliza hii chupa itaondoka lini.

#25 Mchimba_Visima

Udongo wa wapi? Wa mbugani?

#26 Ng'wana_Kishapu

Wa mbugani, ndiyo.

#27 Mchimba_Visima

Basi utasubiri sana. Twanga mbegu mbili za mlonge, koroga na maji kidogo kwenye kikombe, mimina ndani, tikisa taratibu. Au shabu kidogo, ile ya vinyozi. Uwe na simu mkononi, rekodi.

#28 Ng'wana_Kishapu

Mlonge upo. Dakika ishirini sasa. Yamegandamana vibonge kama maziwa yaliyoganda, yanashuka, na maji ya juu naona dirisha upande wa pili. Mama watoto amekuja na chupa nyingine, anataka nifanye na ya kunywa.

#29 Kanyigo_Original

Nimepunguza kubisha hadi robo. Iliyobaki naimalizia mwenyewe nikienda mtoni Jumamosi na chupa yangu.